Chaki Isiyolia

Pendo, kijana niliyemfundisha kazi karakanani, ameniletea daftari na kalamu mbili, akaniambia, "Bibi, andika, maana hawa wageni wa kazi wanafunga chaki kama wanafunga kizibo cha soda." Nimeacha kazi miezi mitatu tu na tayari wamesharusha chaki mara moja. Mungu aliwahurumia, ikagonga ndoo. Basi naandika. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya, isomeni hivyohivyo. Mbao sikuzikereza kwa herufi.

Msitafute humu habari za vyeo. Karakana yetu haina vyeo. Ina anayejua na anayefagia, na mimi nilianza kwa kufagia.

Nilikuwa nauza uji mlangoni pa karakana, hapa hapa Kirumba, nyuma ya soko la samaki la Mwaloni, mahali ambapo ukipasua mninga asubuhi, mchana unanuka dagaa. Mwenye karakana alikuwa Fundi Abdalla, Mwislamu wa mjini, baba yake Mmanyema, mama yake nusu Mhindi. Mashine yake ya kukereza aliichukua kwa tajiri mmoja wa Kihindi aliyekuwa anafunga kiwanda chake cha mbao. Siku moja mfagiaji wake hakuja, maranda yakamfika magotini, akaniita. Niliingia na ufagio wangu mwenyewe. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri miguu ya kitanda akacheka, "Fundi, siku hizi wanawake nao wanakereza?"

"Huyu anafagia," Fundi akamjibu bila kuinua macho. "Wewe unafanya nini?"

Hiyo ndiyo siku niliyoamua kubaki.

Kwa asiyejua, mashine ya kukereza huzungusha mti, na wewe unauchonga kwa patasi ukiwa unazunguka. Mti mrefu, kama mguu wa kitanda, unabanwa na ncha mbili, huku na huku. Lakini kitu kinachotakiwa kuchimbwa tumbo, kama bakuli au kinu kidogo, huwezi kukibana hivyo, utachimbia wapi? Hapo ndipo inapokuja chaki. Si ile ya kuandikia ubaoni. Hii ni chuma cha mviringo chenye taya nne. Inafungwa kwenye shafti ya mashine kama nati kwenye bolti, na taya zinauma mti kwa upande mmoja, upande wa pili unabaki wazi kwa patasi yako.

Siku Fundi aliponipa chaki mkononi mara ya kwanza nilidhani nitaiangusha, ilivyokuwa nzito. Akasema, "Funga. Kaza kulia."

Nikamuuliza, "Kulia mkono, au kulia machozi?"

Sikuwa namtania. Nyumbani kwetu, upande wa Bujora, tuliongea Kisukuma, na Kiswahili nilikipata shuleni na kwenye uji. Fundi alicheka mpaka akakaa juu ya gogo. Alipomaliza akafuta macho, akawa mkavu kabisa.

"Vyote viwili," akasema. "Unazungusha kwenda kulia, mpaka yenyewe ilie. Isipolia yenyewe, utalia wewe."

Sasa sikilizeni, maana sitarudia. Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya ukutani. Usiniambie swichi imezimwa. Swichi yetu ni ya zamani, mkono wake ukiusukuma juu mashine inakwenda mbele, ukiusukuma chini inakwenda kinyume, na nguo tu inaweza kuusukuma. Ukishachomoa, chukua mswaki uliochakaa usafishe meno ya shafti, kisha meno ya ndani ya chaki, kwa sababu unyoya mmoja wa mbao, mwembamba kuliko ukope, unatosha kuiweka chaki upande. Tone moja la mafuta. Nimesema moja. Halafu ishike kwa vidole, izungushe pole pole kwenda kulia. Ikigoma, usiilazimishe, umeingiza meno kombo, rudi uanze. Inapokaribia bega la shafti, pale meno yanapoishia, ipe msukumo mmoja wa ghafla kwa kiganja. Chuma kinakutana na chuma, inalia: ta. Mara moja tu. Ukishaijua sauti hiyo, utaitambua hata sokoni.

Isipolia, usiwashe. Hata mteja awe nani.

Nilipuuza mara moja. Ilikuwa kazi ya bakuli la harusi, watu wa bwana harusi wamesimama mlangoni wanapiga makofi, nami nikataka kuwaonyesha. Chaki haikulia, nikawasha. Nilipozima mashine, chaki ikaendelea kuzunguka, ikajifungua, ikanijia usoni. Meno mawili ya mbele ninayoyakosa mpaka leo, Fundi aliyachambua kwenye maranda, akanipa ndani ya karatasi ya sukari. "Haya ndiyo yaliyolia," akasema. Hakunifukuza. Wiki nzima baadaye alikuwa anafunga yeye, mimi nashika mswaki tu.

Uzeeni masikio yake yalikufa. Basi akifunga chaki alikuwa anaweka paji la uso kwenye kichwa cha mashine, anafumba macho. "Naisikia kwa mfupa," alisema. Wateja walidhani anaiombea. Alipofariki, karakana ikabaki kwa wanawe, ambao hawakulitaka vumbi, wakaniachia niiendeshe. Nami nikajikuta naweka paji la uso palepale, ingawa masikio yangu ni mazima. Chuma pale kimelainika.

Mimi si mtu wa mizimu. Mashine ni chuma na umeme. Nimeandika hilo kabla ya kuendelea, kwa kuwa ninayotaka kusimulia sasa niliyaona mwaka wangu wa mwisho kazini, na Pendo alikuwepo. Mkimaliza kusoma muulizeni.

Walikuja watu wawili mchana, jua kali, hakuna upepo hata kidogo. Mwanamume wa makamo amebeba gogo la mvule urefu wa mkono hadi kiwiko, limefungwa kwenye khanga. Nyuma yake mwanamke, kandambili miguuni, macho makavu kabisa.

"Shikamoo bibi," mwanamume akasema.

"Marahaba. Karibuni."

"Mimi naitwa Magesa, na huyu ni shemeji yangu, Nyabise, mke wa kaka. Tumetoka ng'ambo, upande wa Sengerema. Tumevuka na pantoni ya asubuhi."

Akaeleza. Kaka yake, Bwire, mvuvi, alitoka na mtumbwi wake siku kumi na mbili zilizopita. Hakurudi, wala mtumbwi haukuonekana. Wametafuta kisiwa kwa kisiwa. Sasa wazee wamesema basi, azikwe. Mahali pengine, mwili usipopatikana, watu huzika mgomba. Ukoo wao huzika kipande cha mti wa chombo alichopotea nacho, kimekerezwa kisiwe na kona, na ndani kimechimbwa tundu la kuweka kipande cha shati lake.

"Hili ni la mtumbwi wake," Magesa akasema, akaliweka gogo mezani. "Limetupwa na maji ufukweni. Kaburi tayari tumechimba. Tunazika kesho saa nane."

Nikamuuliza, "Na mkishazika, mwenyewe akipatikana?"

Nyabise ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Akishazikwa, amezikwa. Akipatikana baada ya hapo haingii mlangoni kwake. Awe mzima, awe maiti. Anafukiwa hukohuko atakapokutwa, kama mtu asiye na kwao."

Pendo akamsogezea kigoda, hakukaa.

Nilisema nitaifanya. Ni kazi kama kazi nyingine, na msiba hausubirishwi. Nikachomoa waya, nikachukua chaki rafuni, nikasafisha meno ya shafti na ya chaki, nikaweka mafuta. Nikazungusha kwenda kulia. Ilipofika begani nikaipa kiganja.

Kimya.

Nikaifungua, nikaangalia. Hakuna unyoya, hakuna vumbi. Nikapiga mswaki tena, nikapuliza, nikafunga. Kimya. Haikuwa imelegea, imefika mwisho, lakini imefika kama mtu anayekaa kwenye mkeka. Nikaweka paji la uso. Mfupa nao haukusikia kitu.

Wakati huo Pendo alilichukua gogo akaenda nalo nje kulipima ncha, kwenye mwanga. Nikafunga mara ya tatu. Ta! Safi, kama siku zote. Nikashusha pumzi.

Pendo akarudi, akaliweka gogo mezani. Sasa mtu mwenye akili angeiacha chaki ilivyo na kuendelea na kazi. Lakini mimi nilitaka kujua. Nikaifungua makusudi, nikaifunga upya, kwa mkono uleule, kwa kiganja kilekile.

Kimya.

Nje jua lilikuwa la saa saba. Nikajiambia ni joto, chuma kimepanuka. Nikamwambia Pendo aweke sikio yeye, ni kijana. Akainama, akasikiliza nikiwa naigonga kwa kiganja. Akainuka, amepauka midomo.

"Haijalia, bibi," akasema.

Nyabise akageuka kutoka mlangoni kana kwamba amepigwa. "Ndiyo," akasema. "Sijalia. Na nyinyi mmeshaambiwa?"

Hakuna aliyeelewa. Pendo akaanza, "Hapana dada, nilisema chaki haija..."

"Kila mtu ananihesabia machozi! Mawifi wananitazama macho, wanasema hajalia, hajalia, ana jambo huyu. Wengine wanasema nimemroga. Hata hapa mjini, kwa watu nisiowajua, naambiwa hajalia!" Akapumua. "Nitamlilia nani? Sijamwona. Mnataka nilie, nikilia amekufa, mkamzike ubao, halafu ziwa likimleta kwangu nimwambie nini? Pita, mume wangu, umeshazikwa?"

"Shemeji," Magesa akasema, "si mahali pake hapa."

"Ndipo mahali pake. Mwulize gogo hili limetoka wapi. Mtumbwi wa Bwire niliuziba nyufa mimi, kwa pamba na kwa khanga yangu ya kijani. Ubao wake wote una uzi wa kijani. Uko wapi hapa?"

Magesa akapandisha sauti. Si kwake, kwangu. "Bibi, tumekuja kwa fundi, hatukuja barazani. Fanya kazi yako."

"Haijalia," nikamwambia. "Isipolia siwashi."

"Kitu gani kinalia? Ni chuma!"

"Ni chuma. Na siwashi."

Hapa kuna kosa langu, nalo naliandika. Nilipomwambia Pendo asikilize, niliurudisha waya ukutani, nikifikiri nitawasha taa ya mashine nione vizuri ndani ya taya. Magesa alipita mbele yangu, akaikamata swichi, akaisukuma chini. Mgeni huvuta chini, ndivyo mkono wake ulivyozoea swichi za nyumbani. Mashine ikaenda kinyume.

Chaki iliyofungwa kwenda kulia, ukiizungusha kinyume inajifungua. Hiyo si mizimu. Ilijifungua mara moja, ikaruka. Mtu angeweza kufa. Ilipita katikati ya Magesa na Nyabise, nafasi isiyozidi mwili wa mtu mmoja, ikaenda mezani, ikalipiga lile gogo. Kati ya vitu vyote vilivyojaa kwenye karakana ile, mbao, ndoo, viti, watu wanne, ililipiga gogo. Likapasuka vipande viwili kwa urefu wake.

Nilizima. Kila mtu alikuwa amesimama na mikono nusu hewani. Pendo ndiye aliyeokota vipande. Aliweka kiganja ndani, kwenye mpasuko, kisha akanipa na mimi nishike.

Mkavu. Mvule uliokaa ziwani, hata ukiuanika mwezi, ndani unabaki na ubaridi na weusi kwenye mishipa. Huu ulikuwa wa njano, unanuka ghala. Haujawahi kuona maji zaidi ya mvua.

Nikamtazama Magesa. Alikaa juu ya kigoda taratibu, kama mzee.

"Mama hali chakula," akasema. "Siku kumi na mbili, uji anautema. Anasema hali mpaka mwanawe azikwe. Gogo nimelitoa kwa mtengeneza mitumbwi. Nilitaka ale, bibi. Basi."

Nilidhani Nyabise atamtukana. Aliichukua khanga iliyofungia gogo, akaikung'uta, akaikunja. "Twende," akamwambia. "Mama nitamlisha mimi."

Waliondoka bila gogo. Nilimwambia Magesa awaambie wazee kwamba fundi amekataa, kwamba mashine imekufa, kwamba mimi ni bibi mkorofi, aseme lolote. Alisema atasema ukweli. Sikumwamini, lakini baadaye nilisikia kwamba alisema, mbele ya wote, na wazee wakaahirisha. Kaburi likabaki wazi, limefunikwa kwa mabati.

Siku ya tatu baada ya hapo umeme ulikatika tangu asubuhi. Mtaa mzima kimya, hata mashine ya kusaga ya jirani. Chaki nilikuwa nimeshaikagua taya zake, nikaifunga kwenye shafti kwa vidole tu, sikuikaza, maana hakukuwa na kazi. Mimi nilikuwa naparuza mpini wa patasi kwa msasa, Pendo anafagia. Saa tisa na kitu.

Ta.

Pendo akasimama na ufagio. Hakuna aliyekuwa karibu na mashine. Kati yangu nayo palikuwa na hatua nne.

"Bibi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni nini?"

"Fagia."

Nilinyanyuka nikaenda kuishika. Imekaza. Ilinibidi nitumie ufunguo na mikono yote miwili kuifungua, na ilipoachia, meno yake yalikuwa yamelowa. Nilifikiri ni mafuta. Nikanusa. Si mafuta. Ni harufu ya ziwa. Nikafuta kwa tambara, na tambara nikalitupa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikafunga karakana kabla ya saa kumi.

Simu iliita tukiwa bado mlangoni tunahangaika na kufuli. Ilikuwa namba ya Magesa. Nilipokea, lakini aliyeongea alikuwa Nyabise, na sikumjua mpaka alipotaja jina, kwa sababu alikuwa analia. Analia kilio cha mtu aliyekibeba siku kumi na tano. Bwire amepatikana. Ziwa limemleta kwenye miamba, mwendo mfupi kutoka kwake. Muda huu, mchana huu. Nyabise mwenyewe ndiye aliyemwona, alikuwa ameshuka kuchota maji. Amemtambua kwa mkanda.

Kesho yake mimi na Pendo tulivuka na pantoni. Tulikuta amelazwa sebuleni kwake, amepitishwa mlangoni kama mwenye nyumba. Mama yake alikuwa amekaa chini kando yake, na mtu alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko, naye anameza. Mawifi walimpisha Nyabise mbele. Hakuna aliyemhesabia tena machozi.

Nyuma ya nyumba walikuwa wametoa mabati. Lile kaburi lilikuwa limechimbwa kwa ajili ya gogo, fupi, kama la mtoto mchanga. Magesa alikuwa ndani yake peke yake, na jembe, ametoa shati, amekataa kusaidiwa. Kila baada ya muda alisimama, akalipima kwa macho, akatazama juu kutuuliza kama linatosha.

Nyabise akaja akasimama ukingoni, macho yamevimba, sauti imeisha.

"Endelea, shemeji," akamwambia. "Alikuwa mrefu."